Utaalamu wa Tabia za Mbwa Usiwe Jina la Kujibandika

Nilipowadokezea wenzangu wa chumba cha habari kwamba juma hili ningeandika juu ya watu wanaosomea tabia za mbwa, mmoja wao aliweka kalamu chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliniuliza kama habari za pamba, za mbolea na za bei ya mahindi zimekwisha. Simlaumu. Kwa wengi wetu mbwa ni mlinzi wa boma, afungwaye mchana na kufunguliwa usiku, na mtu anayelipwa ili akae na mwenye mbwa wazungumze juu ya hofu za mbwa huyo huonekana kuwa ni anasa ya mataifa yaliyoshiba. Lakini namwomba msomaji anivumilie. Nyuma ya jambo hili linalochekesha liko swali ambalo halichekeshi hata kidogo: ni nani mwenye haki ya kujiita mtaalamu, na ni nani anayeumia pale ambapo jina hilo linaweza kuokotwa na yeyote apitaye njia?

Tuichukue Uingereza, nchi ambayo mbwa huishi ndani ya nyumba, hulala chumba kimoja na watoto na hula karibu na meza. Siku mbwa huyo anapoanza kunguruma mtoto anapomsogelea, familia nzima huingiwa na hofu. Hawawezi kumfukuza akajitafutie riziki mtaani. Huko hakuna mbwa wa mtaani. Basi humtafuta mtu anayejiita mtaalamu wa tabia za mbwa, na neno la mtu huyo huwa na uzito kama hukumu. Akitoa ushauri mwema, mbwa huishi na mtoto hubaki salama. Akitoa ushauri mbaya, yawezekana mtoto akashonwa uso hospitalini na mbwa akachomwa sindano ya kifo, kisha mshauri akachukua ujira wake na kuelekea nyumba ya pili.

Sasa tazameni ajabu ya sheria. Katika nchi hiyo hiyo mtu hawezi kufanya kazi ya kupigilia vyuma katika kwato za farasi mpaka awe ameandikishwa, maana ipo sheria ya mwaka 1975 inayowasimamia mafundi wa kazi hiyo. Hawezi kujiita daktari wa wanyama, wala kupima ugonjwa wa mnyama na kuutibu kwa ujira, bila kuwamo katika daftari la madaktari, maana ipo sheria ya mwaka 1966. Lakini mtu huyo huyo akitaka kujiita mtaalamu wa tabia za mbwa, hakuna sheria inayomzuia. Aweza kuamka asubuhi, akachapisha kadi zake, akachora picha ya mbwa ubavuni mwa gari, na kabla ya jua kuchwa akawa amekwisha pokea fedha za mteja wa kwanza. Kwato za farasi zina mlinzi wake. Uso wa mtoto na uhai wa mbwa havina.

Palipo na pengo kama hilo wajanja hawakosi. Yamezuka mafunzo ya majuma machache, yanayotolewa kwa kompyuta, ambayo mwanafunzi husoma kurasa kadhaa, hujibu maswali ya kuchagua jibu, hulipa, na kuletewa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu pamoja na herufi za kuandika baada ya jina lake. Yeye hajamgusa mbwa. Hakuna mwalimu aliyemwona akifanya kazi. Mimi naona kwamba mwanafunzi huyo ndiye mtu wa kwanza kuibiwa, kabla hata ya mwenye mbwa, maana mara nyingi ni kijana anayewapenda wanyama kwa dhati, aliyekusanya akiba yake ili apate kazi ya heshima, akauziwa karatasi.

Haki itendeke: wapo watu wa nchi hiyo waliolitambua tatizo hili zamani. Mwaka 1989 kiliundwa chama cha washauri wa tabia za wanyama wa nyumbani, kijulikanacho kwa herufi APBC, na mwaka 2010 likaundwa baraza la ABTC, linaloweka viwango na kutunza daftari la wakufunzi na wataalamu waliopimwa. Lakini daftari hilo ni la hiari. Asiyetaka kupimwa hapimwi, na hazuiliwi kufanya kazi. Matokeo yake ni kwamba aliyesoma miaka mingi na aliyesoma majuma mawili hutangaza kazi zao bega kwa bega, na mwenye mbwa, ambaye moyo unamdunda kwa hofu, huchagua yule wa bei rahisi au yule anayeahidi kuponya kwa siku moja.

Wako watakaosema kwamba mbwa ni mbwa tu, na kumtawala hakuhitaji chuo. Fikra hiyo imeleta madhara makubwa, na kisa chake chafaa kuelezwa kirefu. Mwaka 1947 mtaalamu aitwaye Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwa-mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. (Sisemi hawa mbwa-mwitu wenye mabaka wa mbuga zetu, nasema wale wa nchi za baridi, ambao ndio ukoo wa mbwa wa nyumbani.) Wanyama wale walikusanywa mahali padogo, hawana pa kukimbilia, wakagombana bila kikomo kutafuta nani awe juu na nani awe chini. Fikra ya kwamba kila kundi lina bwana mmoja anayetawala kwa meno iliendelea kuenea, na kitabu alichokitoa Mmarekani L. David Mech mwaka 1970 kiliisaidia kufika mbali. Wakufunzi wa mbwa wakaidaka. Wakaanza kufundisha kwamba mbwa wa nyumbani naye anapanga kuupindua utawala wa mwenyewe, na kwamba dawa yake ni kumlaza chali kwa nguvu, kumkaba shingo, na kumkazia macho mpaka anyenyekee.

Mech alikuwa na uadilifu wa mwanasayansi. Baada ya kuwatazama mbwa-mwitu wakiishi huru kaskazini ya mbali ya Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida la porini ni familia tu: baba, mama na watoto wao, na wazazi huongoza kama wazazi wanavyoongoza popote. Kumbe Schenkel alikuwa amewaona wafungwa. Ni kana kwamba mtu angechunguza maisha ya gereza kisha akatangaza kwamba ameyafahamu maisha ya kijiji. Mwenye elimu akajisahihisha mbele ya ulimwengu. Wasio na elimu wakaendelea kuuza kosa lake, na hata leo wapo wanaoliuza.

Na kosa hilo lina jeraha. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambao wenye mbwa waliokuja kutafuta msaada waliulizwa ni mbinu zipi walizokwisha zitumia na mbwa wao walijibu vipi. Miongoni mwa waliowapiga mbwa wao ngumi au teke, asilimia 43 walieleza kwamba mbwa alijibu kwa ukali. Miongoni mwa waliowalaza chali kwa nguvu, asilimia 31 walieleza hivyo hivyo. Watu hawa walikwenda kuzima moto kwa mafuta ya taa, na wengi wao walifanya hivyo kwa nia njema.

Basi mtu anayejifunza kazi hii kwa ukweli hujifunza nini? Kwanza hujifunza kutazama. Mbwa hasemi, lakini hanyamazi. Kabla ya kuuma hugeuza kichwa, hulamba pua, hupiga miayo bila usingizi, huonyesha weupe wa jicho, hukaza mwili kama ubao, ndipo hunguruma. Ngurumo ile ni ombi la nafasi. Baba mwenye nyumba akimchapa mbwa kwa sababu amenguruma, mbwa hajifunzi kumpenda mtoto. Hujifunza kwamba kunguruma ni hatari, na safari nyingine huuma kimya kimya. Kisha watu husema, "Amemuuma mtoto ghafla, bila sababu." Mwanafunzi asiyejua kuzisoma dalili hizi kwa macho yake, mbele ya mbwa aliye hai, hafai kuingia nyumba ya mtu.

Pili hujifunza namna kiumbe anavyojifunza. Msingi uliwekwa na Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, pamoja na Wamarekani Thorndike na Skinner. Nadharia yao si ngumu kuikariri. Kuitumia ndiko kugumu. Chukua mfano wa tarishi anayepeleka barua mlangoni. Kila siku tarishi huja, mbwa hubweka, tarishi huondoka. Sisi twajua kwamba tarishi amemaliza kazi yake. Mbwa yeye hujua kwamba amemfukuza, na kila siku ushindi wake humtia ari zaidi. Mwenye mbwa anapiga kelele, mkufunzi wa majuma mawili analeta mkanda wa shingoni wenye kutoa umeme (mkanda ambao Wales iliupiga marufuku mwaka 2010), na mbwa sasa hujifunza kwamba tarishi akija huja na maumivu. Chuki yake haipungui. Mtaalamu wa kweli humweka mbwa mbali kiasi ambacho anamwona tarishi bila kuchachamaa, kisha kila tarishi anapotokea mbwa hupewa kipande cha nyama. Umbali hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma, pengine kwa miezi. Ni kazi ya subira isiyopendeza kutazamwa, na ndiyo maana haiuziki upesi.

Hata nadharia hiyo ina mipaka yake. Keller na Marian Breland, mke na mume waliokuwa wanafunzi wa Skinner, waliifanya kazi ya kufunza wanyama wa aina nyingi tangu miaka ya 1940. Mwaka 1961 wakaandika juu ya kushindwa kwao. Walimfundisha nguruwe kubeba sarafu kubwa za mti na kuziweka katika kibweta, naye akapata chakula. Baada ya muda nguruwe akaanza kuzidondosha njiani na kuzifukua ardhini kwa pua, ingawa kufanya hivyo kulimchelewesha kula. Asili yake ilikuwa imerudi kudai haki yake. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kisa hicho hatamwahidi mtu kwamba mbwa wa kuchunga kondoo, aliyezalishwa kwa vizazi vingi ili akimbize kila kinachokimbia, ataacha kabisa kuwafuata waendesha baiskeli.

Jambo la tatu ni mwili wa mbwa. Mwaka 2020 Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln na wenzake walieleza kwamba, kwa makisio ya tahadhari, thuluthi moja ya wanyama wanaoletwa kwao kwa matatizo ya tabia wana maumivu ya aina fulani, na katika baadhi ya makundi ya kesi idadi hukaribia asilimia 80. Fikirini maana yake. Mbwa aliyeonekana mkorofi kumbe nyonga inamuuma, na mtoto akimkumbatia anamtonesha. Mbwa huyo haponi kwa mafunzo wala kwa adhabu, anahitaji daktari. Ndiyo sababu wataalamu wa ngazi ya juu walioandikishwa hawaanzi kazi mpaka daktari wa wanyama amempima mbwa na kumtuma kwao. Aliyejibandika jina hawezi kuwa na uhusiano huo na madaktari, na mara nyingi hajui hata kwamba angepaswa kuuliza.

La mwisho ndilo ambalo vijana wengi hawalitazamii. Mwanafunzi huingia kazi hii kwa sababu anawapenda mbwa, pengine kuliko anavyowapenda watu, kisha hugundua kwamba mteja wake ni binadamu. Ataketi sebuleni na mama anayelia, na baba anayetaka mbwa aondolewe leo, na babu anayemlisha mbwa kwa siri chini ya meza. Itamlazimu kuuliza maswali ya saa mbili bila kumtia mtu aibu, kutoa mpango ambao familia yenye uchovu itaweza kuutekeleza, na safari nyingine kusema wazi kwamba mbwa huyu, pamoja na juhudi zote, hawezi kuishi salama na mtoto mchanga. Maneno hayo hayafundishwi kwa maswali ya kuchagua jibu. Hufundishwa kwa kuketi pembeni ya mtu mzima katika kazi, kumsikiliza, kisha kuyasema mwenyewe huku yeye akisikiliza. Kwa hiyo anayetaka kufika ngazi ya juu ya daftari hutakiwa kuwa na elimu ya kiwango cha chuo kikuu, na kesi alizozishughulikia mwenyewe chini ya usimamizi, zilizoandikwa na kukaguliwa. Ni kazi ya miaka.

Serikali ya nchi hiyo haikukaa kimya kuhusu mbwa wenye kuuma. Sheria ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne za mbwa. Baada ya mashambulizi ya kutisha yaliyoua watu, aina ya tano, iitwayo XL Bully, iliongezwa: kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 kumuuza au kumzalisha kukawa kosa Uingereza na Wales, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kumweka bila hati ya msamaha kukawa kosa pia. Sipingi kwamba taifa lina wajibu wa kulinda watu wake, na aliyefiwa na mtoto hatakiwi kuhubiriwa nadharia. Lakini maofisa wa sheria hii hulazimika kupima kimo cha mbwa na upana wa kichwa chake ili wajue kama ni wa aina iliyokatazwa, ilhali hakuna anayepima ujuzi wa mtu aliyemfunza mbwa huyo. Ujerumani ilichukua njia nyingine. Tangu tarehe 1 Agosti 2014, anayefunza mbwa wa watu wengine kwa biashara, au kuwaelekeza wenye mbwa namna ya kuwafunza, ni lazima awe na kibali cha mamlaka, na ili akipate huonyesha kwamba ana ujuzi. Kibali hakikuwamaliza wababaishaji wote, lakini kimewanyima kisingizio.

Hapa sina budi kuikabili hoja ya upande wa pili, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wachungaji wa milima ya Wales na Scotland humwongoza mbwa kwa mluzi akiwa mbali nao bonde zima, na wengi wao hawakukanyaga chuo kikuu. Je, tuwaambie hawajui mbwa? Aidha, masomo ya miaka mingi yana ada kubwa, na mazoezi mengi hufanywa bila malipo. Mtoto wa kibarua atayamudu vipi? Sheria ikija vibaya, kazi hii itakuwa mali ya watoto wa wenye nacho, na mafundi wa kweli wasio na vyeti watafungiwa nje. Jibu langu ni kwamba kinachotakiwa kupimwa ni ujuzi, popote ulipopatikana. Daftari la ABTC lenyewe lina ngazi mbalimbali: yuko anayefundisha mbwa na mwenyewe adabu za kawaida, na yuko anayeshughulikia hofu na ukali. Fundi wa siku nyingi na aitwe, apimwe kwa vitendo, apewe ngazi anayostahili. Lakini asiachiwe mtu kupanda ngazi ya juu kwa maneno yake mwenyewe.

Wale walioniuliza kama kazi hii si ya mataifa yaliyoshiba tu ningependa wafike Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Wakufunzi ni Watanzania. Humzoesha panya kwa watu na sauti angali mdogo, kisha hutumia kidude kidogo chenye kulia kinapobonyezwa: panya akinusa sawasawa husikia mlio, na mlio hufuatwa na kipande cha ndizi au karanga. Mbinu hiyo ya mlio na tuzo ndiyo ile ile waliyoitumia akina Breland, na ndiyo wanayoitumia wakufunzi bora wa mbwa huko Uingereza. Panya mmoja aliyetoka Morogoro, jina lake Magawa, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kabla ya panya kupelekwa katika uwanja wa mabomu halisi hupimwa, na asiyefaulu haendi. Hakuna anayempeleka kwa sababu mkufunzi wake ana cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Matangazo ya mafunzo ya juma moja hayajui mipaka. Humfikia kijana wa Temeke katika simu yake kama yanavyomfikia kijana wa Manchester. Kabla ya kutuma fedha, na aandike barua fupi kwa wenye mafunzo hayo akiuliza mambo matatu. Nitawaona mbwa wangapi, na nani atakuwa amesimama karibu yangu nikiwashughulikia? Nani, asiye mmoja wenu, atakayenipima? Na je, daktari wa wanyama wa mji wangu akikisoma cheti chenu, atanitumia mgonjwa?